Iambie Komite Mto Umefunga

Fairfield, Sydney
14 Septemba 2024

Mpwa wangu Ketsia,

Pokea salamu nyingi za hapa Fairfield. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kustaafu kabla yangu. Bado naendesha foklifti kwenye lile ghala la Ingleburn, na mwezi uliopita walinipa fulana ya rangi ya chungwa iliyoandikwa mgongoni kwamba mimi ni msimamizi. Mshahara ni ule ule. Binti yangu Aline ametimiza miaka kumi na sita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, nikimkaripia ananijibu kwa mabega. Bibi yako Koko anakusalimu sana. Amekaa dirishani na blanketi lake, anatazama treni na kuzilaumu zikichelewa.

Usishangae kuona barua ya karatasi mwaka huu wa leo. Ulitoka kwenye grupu la WhatsApp la familia bila kuaga, na simu zangu hupokei, nifanyeje? Koko lakini kafurahi. Unamjua bibi yako: simu haitaki hata kuiona tangu siku ile Nyarugusu, kambini, ilipomletea habari ya kifo cha mama yako. Anasema simu ina haraka ya kuleta mabaya. Barua anaishika, anainusa, kisha mimi namsomea yote kwa sauti, na akihisi nimeruka mstari ananiambia nirudi.

Sasa neno lenyewe. Una miaka ishirini na tisa. Mwaka 2014 faili ya ukimbizi ya Koko ilipoletwa kwangu huku na faili yako ikapelekwa Kanada, nilimwahidi mama yangu kwamba sitakuacha uzeeke peke yako kwenye barafu. Miaka kumi hamjaonana, naye ana themanini na nne. Kwa hiyo nimeunda komite ya harusi. Bwana harusi amepatikana: Olivier, mtoto wa Mchungaji Irankunda, anahudumia wazee, hanywi pombe, ana leseni ya gari. Tunaketi Lidcombe kila Jumamosi ya pili, kwa sababu treni zote hupita pale. Tulitaka kuuliza maoni yako, lakini kikao kilichelewa kuisha na watu walikuwa na treni.

Kinachobaki ni wewe kuja. Andika tarehe.

Mjomba wako,
Wilondja
Prezida wa Komite


Kando ya Mto Mackenzie, Kanada
20 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo. Koko, shikamoo mara mbili, maana najua unasikiliza.

Barua yenu imefika baada ya wiki tano, na stempu yenye picha ya ndege anayecheka. Nimeiweka jikoni. Mimi ni mzima. Bado nafanya kazi katika nyumba ya wazee ya mji huu. Ninao kumi na mmoja, na mmoja wao, mama wa miaka tisini, ananifundisha kushona viatu vya ngozi na kunicheka vidole. Theluji imeanguka mara tatu. Pole kwa mgongo, Mjomba, na hongera kwa fulana.

Naishukuru komite kwa kujisumbua. Ila kuna jambo ambalo komite haikuwa nalo mezani, nalo ni mto.

Mji wetu uko upande mmoja, barabara kuu iko ng'ambo. Kwenye ramani mto unaitwa Mackenzie, jina la Mzungu aliyepita hapa siku chache. Wenyeji wanauita Dehcho, yaani mto mkubwa, na wao wapo tangu enzi. Unatoka kwenye ziwa huko kusini na kwenda kaskazini, kilomita elfu moja na mia saba, mpaka bahari ya barafu. Daraja hapa hakuna. Kiangazi magari yanavuka kwa kivuko. Katikati ya baridi yanavuka juu ya mto wenyewe, kwa barabara ya barafu. Lakini kati ya kivuko na barafu kuna majuma ambayo mto si maji na si njia, vipande vyeupe vinasukumana humo, na gari halivuki. Tunasema mto umefunga. Duka linajaza mchele na betri, na kila mtu anakaa upande aliokutwa.

Kivuko kinasimama wiki hii. Basi tarehe siwezi kuandika, Mjomba. Iambie komite mto umefunga.

Koko, bado unaweka chumvi kwenye chai?

Ketsia


Fairfield
24 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwanza. Huku jua limeanza kuchoma na Aline ana mitihani. Wiki jana nilipata dagaa wa Tanganyika kwenye duka la pale stesheni, wakavu, wachungu kidogo kama wa nyumbani, nikala mpaka nikamkumbuka marehemu baba. Koko anakusalimu kutoka chumbani kwake. Siku hizi anakaa huko, dirishani kuna upepo. Chai anaitia chumvi bado.

Barua yako niliisoma mbele ya komite nzima. Nikwambie ukweli, ilizua maneno. Mzee Kalume, katibu wetu, alisimama akasema katika maisha yake ameona mto uliojaa, mto uliokauka na mto wenye mamba, lakini mto uliofungwa kama duka hajaona. Nilipofika pale pa magari kupita juu ya maji, watu waliguna. Mchungaji alitukumbusha kwamba Petro mwenyewe alizama, na hakuwa na Toyota.

Tukamwita mtaalamu. Ni Bwana Muema, Mkenya, mhasibu. Amekuwa mshauri wetu wa jiografia kwa sababu alipata A kidato cha nne. Yeye alikutetea. "Wazee, huko maji inakuwa mawe," akasema, "hiyo si uongo." Wakamuuliza kama amewahi kufika. Hajafika. Ikabidi tupige kura.

Maazimio ni mawili. Kwanza, komite haitambui kufungwa kwa mto. Pili, mto umepewa muda hadi Pasaka.

Wakati huohuo kazi haisimami. Kitenge cha harusi kimechaguliwa, cha buluu chenye mikia ya tausi, na akina mama ishirini na wanne wamekwisha kupimwa. Koko alitaka kipande chake mapema, tukampa.

Naye ana maswali, ameniambia niandike bila kubadilisha. Anauliza: huo mto kwa nini unakwenda kaskazini? Anasema Mto Lualaba wa kwetu pia unakwenda kaskazini. Alikulia Kindu, baba yake akifanya kazi ya reli, na huko walisimuliwa habari za Mzungu mmoja mzee aliyekaa Nyangwe akiapa kwamba Lualaba ndio Nile, akafa bado anaapa. Mto wenyewe ulikuwa umeshageukia magharibi kwenda kuwa Kongo. Anauliza kama na huo wenu ulimdanganya mtu.

Mjomba wako,
Wilondja
Prezida wa Komite


Kando ya Mackenzie
5 Januari 2025

Mjomba, shikamoo. Koko, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Leo ni digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Nikitoka nje, kope zinashikana. Krismasi niliwapikia wazee wangu ugali. Mmoja aliuliza kama ni dawa, akala sahani mbili. Mjomba, umeandika Koko amehamia chumbani kwa sababu ya upepo. Novemba kwenu ni joto, umeandika mwenyewe kwamba jua limeanza kuchoma. Ni upepo gani huo?

Barabara ya barafu imefunguliwa kabla ya Krismasi. Mwambie Mzee Kalume kwamba watu wa barabara hutoboa mto kwa keekee na kupima unene, kisha huweka kibao kinachosema gari la uzito gani lipite. Mara ya kwanza nilivuka madirisha yakiwa wazi na mkanda umefunguliwa, kama nilivyofundishwa, na nikaimba nyimbo zote za shule ya Jumapili. Barafu inalia chini ya gurudumu. Wanasema ikilia ni nzuri, ikinyamaza ndipo uogope.

Koko, swali lako limenifurahisha. Ndiyo, ulimdanganya mtu, au yeye alijidanganya. Huyo Mackenzie alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Mwaka 1789 alitaka njia ya kwenda Pasifiki, bahari ya magharibi, na mto mwanzoni ulimpendeza, maana ulielekea upande huo. Kisha ukageuka kaskazini. Yeye akaendelea tu. Siku kama arobaini za kasia, na mwisho akakuta bahari ya barafu na nyangumi weupe. Wengine husimulia kwamba aliuita mto wa kuvunjika moyo. Wengine wanasema hiyo ni chumvi ya watu wa baadaye. Wazee wangu hapa hawauiti hivyo. Kwao ni njia ya samaki, ya jamaa na ya kurudi nyumbani.

Na kuna mchezo. Katikati ya mto husimamishwa nguzo, imefungwa kamba inayofika kwenye saa ufukweni. Mwezi wa tano barafu ikivunjika, nguzo inaondoka, kamba inakatika, saa inasimama. Mji mzima hubashiri siku na saa. Koko, nitajie yako nikuandikishe.

Ketsia


Fairfield
9 Februari 2025

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwenye tanuri. Jana Fairfield ilifika digrii arobaini na moja, kuku wa jirani alilala chali tukadhani amekufa. Mgongo unaendelea na mgomo wake. Koko anakusalimu. Napenda kumsomea nikiwa nimekaa kitandani pake, maana sauti yangu imekuwa ndogo.

Barua yako ilitufurahisha kwa jambo moja: barabara iko wazi. Umeandika mwenyewe, imefunguliwa, magari yanapita. Basi pita. Komite imeketi ikafunga hesabu ya siku: harusi ni Jumamosi tarehe 10 Mei. Ukumbi wa Lidcombe umeshikwa. Kwaya mbili zimeshagombana ni ipi iimbe kwanza, na hiyo ni dalili kwamba mambo yameiva. Olivier bado hatujamwona kikaoni, ana shifti nyingi, lakini baba yake anasema amekubali kwa roho.

Kuhusu kubashiri barafu, mimi ni mzee wa kanisa na nililaani jambo hilo mbele ya komite. Baada ya kikao Mzee Kalume aliniomba umwandikie tarehe 1 Mei. Muema anataka tarehe 14, alasiri. Mimi niandikie tarehe 3 saa nne asubuhi, kwa ajili ya utafiti.

Koko yeye hakufikiri hata kidogo. "Kumi Mei," akasema. Nikamwambia, Mama, hiyo si ndiyo siku ya harusi? Akasema ndiyo, ni tarehe nzuri, andika. Nikafurahi kuona harusi imemkaa kichwani namna hiyo.

Ana swali jingine na amenishika mkono mpaka niliandike. Anauliza hivi: huyo Mackenzie, wenyeji si walikuwepo? Kabla hajapiga kasia siku arobaini na kuwachosha watu, kwa nini hakumuuliza mtu yeyote mto unakwenda wapi?

Mjomba wako,
Wilondja
Prezida wa Komite


Kando ya Mackenzie
16 Machi 2025

Mjomba, shikamoo. Koko wangu, shikamoo.

Mimi mzima. Yule mama wa viatu amefariki wiki iliyopita, usingizini. Nilimvisha mwenyewe. Jozi aliyonisaidia kushona ilikuwa haijakwisha, nimeimalizia peke yangu na mshono unaonekana ni wa mtu mwingine. Nililia kuliko nilivyotegemea.

Koko, jibu lako. Aliuliza. Alikuwa na viongozi wa njia, na kila kijiji alichopita aliuliza. Walimwambia bahari iko mbali mno, kwamba atarudi akiwa mzee. Hakulipenda jibu, akaendelea kupiga kasia. Nadhani mtu akishaondoka na jibu lake mfukoni, hata akiuliza hasikii. Mjomba, sisemi mtu.

Ila na mimi niulize kama Koko: Olivier amesema nini? Si baba yake. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kuhusu safari, barua yako imenikuta Machi. Mwezi ujao barabara ya barafu inafungwa, na kivuko hakiingii majini mpaka barafu iondoke yote. Na kuondoka kwake si mchezo. Mwambieni Bwana Muema alisikilize hili, ni la A. Mto huu unakwenda kaskazini, kwa hiyo kusini kunayeyuka kwanza. Maji ya kusini yanapata joto, yanajiona tayari, yanakuja na haraka yao yote. Huku chini kaskazini barafu bado imelala, haijasikia habari yoyote. Basi maji yanagonga, vipande vinapandana kufika urefu wa nyumba, mto unarudi nyuma na kuingia mitaani. Mji wetu una orodha ya nani atambeba mzee gani. Hakuna aliyekosea, ila wa kusini hawakungoja.

Tarehe zenu nimeziandikisha zote, na ya mzee wa kanisa.

Mjomba, sasa nakuomba kitu. Septemba Koko alikuwa dirishani. Novemba alikuwa chumbani. Februari ukawa unamsomea kitandani, ukasema ni sauti yako. Sauti yako mimi naijua, inasikika mpaka Tanzania. Ukiisoma hii kwake, usiruke mstari huu. Koko anaumwa?

Ketsia


Fairfield
13 Aprili 2025, Jumapili ya Mitende

Ketsia,

Leo sina salamu nyingi. Nimetoka kanisani na tawi mkononi na hasira kifuani.

Juzi Aline alipewa kazi ya shule, achague mto aueleze. Akachagua wa kwenu. Akafungua picha ile inayopigwa kutoka angani, akasogeza, akasogeza, kisha akaniita. Mstari mrefu ulionyooka, kando ya mji wenu. Nikamuuliza ni barabara gani hiyo iliyonyooka hivyo. Akanitazama kama anavyonitazama siku hizi, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ule ni uwanja wa ndege. Akanionyesha ratiba. Ndege ndogo, karibu kila siku ya wiki, baridi na kiangazi. Mto ufunge, mto ufunguke, ndege inapita juu.

Miezi mitano, Ketsia! Miezi mitano nimesimama mbele ya komite nikitetea kivuko. Nimeweka mto kwenye ajenda. Tumepiga kura juu ya barafu. Na Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza, Olivier alikuja kikaoni, amefuatana na dada mmoja Mkenya, nesi, anaitwa Shirleen, wameshikana mikono. Akasema amesikia kuna harusi inaandaliwa, amekuja kusaidia kupanga viti. Akauliza nani anaoa. Mchungaji akaomba tuombe.

Nimemaliza kuandika hayo saa saba mchana nikaenda kumsomea Koko, ili ajue mjukuu wake ametufanyia nini. Sasa ni saa kumi na nimerudi mezani, na haya yanayofuata naandika kwa amri yake.

Alicheka, Ketsia. Alicheka mpaka akakohoa na Aline akaja na maji. Akaniuliza kama mimi nilidhani yeye alifika Sydney kwa mtumbwi. Alijua kuna ndege tangu barua yako ya kwanza. "Mtoto mwenye adabu hamwambii mjomba wake hapana," akasema. "Anamwambia mto umejaa. Wewe umeisoma hapana mara tatu na ukaipigia kura." Ile tarehe 10 Mei aliitaja makusudi. Alikuwa anauombea mto uvunjike siku hiyo, upate sababu ya kutokuja harusini.

Kisha akasema, sasa andika lako.

Ni hivi. Koko anaumwa tangu Agosti. Ni moyo. Umechoka, na maji yanamjaa mapafuni, wakiyatoa yanarudi. Amelazwa mara mbili. Daktari alizungumza habari ya miezi, hakutaja miaka. Kile kitenge cha tausi amekitandika kitandani, ndicho anachojifunika. Nilimkataza Aline kukwambia.

Utauliza kwa nini. Mama yako alipougua mimi nilikuwa hapa Sydney, nina kazi, nina pasi. Nilituma pesa. Zilifika siku mliyomzika. Najua namna yetu sisi tulio mbali: tukiambiwa kuna ugonjwa tunatuma pesa, tukiambiwa kuna harusi tunapanda ndege. Nikasema, nikimwandikia Ketsia kwamba Koko anakufa atatuma pesa. Nikimtafutia harusi atakuja. Olivier nilimwokota tu njiani. Nilikuwa nataka uje umwone mama yangu.

Kikao kijacho nimekiahirisha.

Wilondja


Kando ya Mackenzie
13 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika jana, siku mto ulipoondoka. Nilikuwa ufukweni na mji mzima, bahasha mfukoni haijafunguliwa. Kwanza tulisikia mlio kutoka juu, kusini, kisha barafu yote ikasogea pamoja, nguzo imesimama wima juu yake, ikaenda hivyo kama hatua ishirini ndipo ikaanguka. Saa ilisimama Jumatatu tarehe 12, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Koko amekosea siku mbili. Muema pia siku mbili, upande wa pili. Wewe na Mzee Kalume msiulize. Nikakaa kwenye gogo nikafungua bahasha.

Naanza na langu, nilitaje bila mto. Sikutaka kuolewa na Olivier. Sikutaka kuolewa na mtu aliyechaguliwa Lidcombe kabla ya treni ya saa mbili. Ilinipasa kusema hivyo Oktoba. Nimpongeze yeye na Shirleen, na akina mama ishirini na wanne wawashonee hao.

Lakini si hilo tu lililonifanya nijifiche nyuma ya barafu. Siku ile Nyarugusu basi lilipokuja kunichukua, Koko alinishika kitambaa cha kichwa asiachie, nikakifungua nikamwachia mkononi, nikapanda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo naogopa kurudi nikute hanijui, au ananijua na ananiuliza. Nimehudumia wazee wa watu miaka sita, nikawaosha, nikawavisha, kwa sababu wao hawana cha kuniuliza.

Umesema ungeniambia ugonjwa ningetuma pesa. Nimekasirika usiku kucha kwa mstari huo. Asubuhi nikajiuliza, nikaona sijui. Labda ningetuma. Hilo linaniuma kuliko uongo wako, kwa hiyo tusamehane.

Nimeomba ruhusa, nimepewa miezi mitatu. Ndege ndogo inaondoka Jumanne ijayo, na Alhamisi tarehe 22 asubuhi nitakuwa Sydney. Nakuja na jozi ya viatu vya ngozi kwa miguu ya Koko, mshono mmoja mzuri na mmoja wangu. Njoo uwanjani wewe na Aline, nitampigia yeye simu kumpa saa. Komite usiilete.

Mwanamke wa posta amenitazama akasema barua hii itafika baada yangu. Naituma hivyo hivyo, kwa sababu Koko hupenda karatasi. Ikifika usiifungue peke yako jikoni. Kaa kitandani pake umsomee yote kwa sauti, kama siku zote, na mimi nitakuwa hapo dirishani nasikiliza. Na ukiruka mstari, Mjomba, safari hii tutakuwa wawili wa kukurudisha.

Ketsia